Cutex ya Manjano Siku ya Kufunikwa Leso

Mimi niliacha shule form two, kwa hivyo vitu mingi nimejifunza kwa kuziharibu kwanza. Kupaka cutex, hiyo rangi ya kucha, ni moja yao.

Kwetu Kinoo, mwanaume akileta mahari haonyeshwi bibi hivi hivi. Bibi na kasin zake wanafunikwa leso kutoka kichwa mpaka kwa kifundo cha mguu, wanapangwa laini, halafu anaambiwa, haya, toa wako. Akikosea analipa faini, lakini hiyo ni kitu ndogo. Kitu kubwa ni shangazi zangu. Hao wangenicheka mpaka nizeeke: yule msichana bwana yake alimpita kama matatu inapita steji.

Na bwana yangu mtarajiwa ni mtu wa huko magharibi, fundi wa kupaka nyumba rangi. Kwao hawana huu mchezo. Nilipomweleza aliniangalia kutoka juu mpaka chini, kama ukuta anataka kupima.

"Sasa nitakujuaje, na wote mko ndani ya leso?"

"Utaangalia miguu. Nitapaka cutex ya manjano. Nani mwingine atapaka manjano?"

"Hiyo si ni kuiba mtihani?"

"Beb, mimi mtihani ya kupita bila kuiba siijui."

Nikaenda tao, nikanunua chupa ya manjano imeiva kama ndizi, nikarudi nayo kwa nyumba yangu mtaa wa Satellite. Sasa, mimi huuza miche ya maua kando ya barabara huko Karen. Kucha zangu zinajua udongo kuliko maji. Nikasugua, nikapaka mafuta ya kujipaka juu ya kila kucha ndio cutex iteleze vizuri. Iliteleza kweli. Ikateleza ikaenda kwa ngozi. Nikatingisha chupa kama ya tomato sosi, ikajaa mapovu. Rangi ilitoka na mistari, hapa iko, hapa haiko, kama ukuta ya choo ya shule. Nikaona dawa ni kuongeza. Nikaipaka nzito kama siagi kwa mkate, nikavaa soksi, nikaenda dukani. Hiyo soksi mpaka leo iko na vidole vya manjano.

Fundi alikuja Jumapili akaona. Alicheka akakalia ndoo.

"Mama, ulitumia brashi ama fagio?"

"Wewe cheka. Siku ikifika utaoa kasin yangu."

Hapo ndio aliacha kucheka, akanionyesha vile yeye hufanya kwa ukuta. Mafuta itoke kwanza, pangusa na rimuva, ile maji ya kutoa cutex. Manjano haishiki peke yake, kwa hivyo weka andakoti nyeupe chini yake. Chupa usiitingishe, izungushe katikati ya viganja. Kisha paka nyembamba, ngoja ikauke, paka nyembamba tena. Nikajaribu kwa kidole kimoja. Ilifunika! Ilikuwa kitu imara, unaweza fikiri ni ya plastiki. Nilikionyesha mpaka kwa mama wa mboga, nimeinua mguu kwa kibanda yake.

Siku yenyewe nikafika Kinoo mapema na chupa zangu, nipake hapo hapo ndio udongo ya Karen isiniharibie. Kasin zangu wanne, wale tungefunikwa pamoja, wakaingia chumbani.

"Wee! Hiyo rangi! Tupake na sisi."

"Bibi harusi usiwe mchoyo!"

Mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi nikasema acha nipake mmoja tu. Alipoona kidole yake kubwa imeanza kung'aa, akaniuliza, "Kwani ulisomea hii kazi?"

Hakuna mtu amewahi kuniuliza kama nilisomea kitu. Nikapotea. Niliwapaka wote, andakoti, nyembamba, ngoja, nyembamba, nikiwapulizia na mdomo kama uji. Nilikuwa kwa kidole ya mwisho ya kasin wa mwisho wakati nilielewa nimefanya nini. Laini yote ingekuwa manjano.

Simu zilikuwa zimechukuliwa na shangazi, ndio mtu asimtumie mwingine ujumbe. Rimuva ilikuwa imeisha. Na nikiacha zangu bila rangi, fundi angenipita bila kugeuka. Shangazi akapiga mlango: "Wageni wamefika! Tokeni!" Nikajipaka, kila kidole mara moja, nzito, bila andakoti, bila kungoja. Leso ikanishukia kichwani na nyuzi za pindo zikalala juu ya rangi mbichi ya vidole.

Nilikuwa wa tatu. Nikasikia viatu vyake vikisimama kwa kasin wa kwanza. Vikakaa. Akasema "mmh," ile mmh yake ya ukuta imetoka poa. Nikajua anadhani huyo ni mimi.

"Fundi!" shangazi akamtupia. "Umekuja kuchukua bibi ama kukagua kazi?"

Watu wakacheka. Akaenda kwa wa pili. Akanifikia, akanipita. Akaenda mpaka kwa wa mwisho, na hapo nikamsikia akishusha pumzi. Kumbe ameona manjano kila mahali. Nikaanza kupanga vile nitahamia nchi nyingine.

Halafu viatu vikarudi. Akachuchumaa mbele yangu.

"Usiongee na miguu!" shangazi akapiga kelele. "Toa mtu!"

Akafungua leso kichwani. Wamama wakapiga ngemi, vigelegele vya kwetu, hadi mbwa wa jirani akajibu. Akaniinamia kwa sikio.

"Hao wengine umewapaka vizuri sana. Huyu mmoja amemaliziwa mbio na anakaa kama ukuta imepigwa na mvua. Nikajua mwenye brashi ndiye huyu."

Nikalia mbele ya ukoo mzima. Shangazi akatangaza ni furaha. Ilikuwa furaha. Lakini leso ilikuwa imeshikana na kidole yangu kubwa, na bwana yangu alipoivuta kwa nguvu ndio watu wanione vizuri, ilienda na cutex yote.