Swali la Mizani na Mama Aliyekataa Kujibu

Mwanangu, jana uliponiambia kwamba unagombea kuwa jaji katika korti ya biashara hapa Kolwezi, nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Usingizi haukuja. Nilikuwa nakumbuka siku ile nilipokuwa mimi ndiye mgombea, nywele zangu bado nyeusi zote, na moyo ukinipiga kama wa bibi harusi.

Wewe unajua, lakini niseme kwa wale watakaonisikiliza pamoja nawe: katika korti ile, kando ya majaji wa serikali wanaketi pia wafanyabiashara waliochaguliwa na wafanyabiashara wenzao. Mimi nilikuwa na duka la buti, kamba na taa za kichwani, nikiwauzia vijana wanaochimba shaba na kobalti. Baba yangu alizaliwa hapa hapa katika familia ya watu wa Kasai walioletwa kufanya kazi mgodini. Hakuna mwanamke wa familia yetu aliyewahi kusimama mahali kama pale. Basi fikiria furaha yetu!

Wakati huo kulikuwa na kijana mmoja anaitwa Trésor. Hakuwa na gazeti wala redio. Alikuwa na simu yake tu, lakini video zake zilikuwa zinafika kila mahali kabla ya habari za redio. Wagombea walimtafuta kuliko walivyowatafuta wapiga kura. Akaja dukani kwangu, simu mkononi, watu wakajaa mlangoni.

"Mama," akaniambia, "banégociant beko na mizani ya bongo, ndiyo ao hapana? Useme tu neno moja. Leo jioni Kolwezi yote itaimba jina yako."

Ujue, kesi ya hiyo mizani ya bongo, yaani ya uongo, ilikuwa tayari iko kortini. Wachimbaji walisema wanunuzi wa mawe ya madini, hao banégociant, wanapunguza uzito; wanunuzi walikana. Na wachimbaji ndio waliokuwa wateja wangu. Neno moja tu! Ulimi ulikuwa unaniwasha, sikufichi. Lakini nikajibu: "Siwezi kusema kwamba wachimbaji wameibiwa. Wala siwezi kusema kwamba hawakuibiwa. Kesi iko kortini, na mimi naomba kuwa jaji."

Trésor akakunja uso, akaenda zake. Jioni video ikatoka. Alikuwa ameacha sentensi moja tu: "Siwezi kusema kwamba wachimbaji wameibiwa." Basi.

Eh, mwanangu! Mjomba wangu akanipigia kutoka Kisenge kuuliza kama nimekuwa wazimu. Kesho yake duka lilikuwa tupu. Vijana walipita na pikipiki wakinipigia honi za matusi. Wafanyabiashara wenzangu wakaanza kunishauri nijitoe kwa heshima kabla sijafukuzwa kwa aibu.

Mimi nikawaka. Nilimjua kijana mwingine mwenye video za vita, anayeweza kumvua mtu nguo hadharani kwa matusi, nikataka kumkodi amshambulie Trésor. Nikaenda kwanza kumwarifu Tata Kalonji, mzee aliyewahi kuwa jaji wa kuchaguliwa kabla yangu, maana ndiye aliyenisukuma kugombea. Nilidhani atanipigia makofi.

"Huyo mutu utamutuma akutukanie adui yako," akasema, "siku akishitakiwa, atakuja mbele yako akicheka. Utamufanya nini? Mama, hauko unatafuta wimbo. Uko unatafuta kiti ya haki."

Nikajaribu kujitetea: "Tata, bananichafua!"

"Basi rudi pale pale walipokuchafulia, useme ile ile uliyosema. Mbele ya bote."

Nikatoka pale masikio yananiwaka moto, lakini nilikuwa nimeelewa. Nikamwita Trésor. Nikamwita pia mwandishi wa redio. Nikawatumia wachimbaji ujumbe waje mchana, na nikawaambia kila mwenye simu aje nayo. Trésor hakuweza kukataa. Watu walikuwa wengi mno. Malori ya mgodini yalipunguza mwendo, madereva wakachungulia. Nikapanda juu ya kreti mlangoni pa duka.

"Trésor, mwanangu," nikasema, "uniulize tena lile swali."

Akauliza. Nikajibu neno kwa neno, sentensi zote mbili. Simu zote zilikuwa juu. Kisha kijana mmoja, vumbi la shimo bado usoni, akapaza sauti: "Mama, ni kusema utatuacha?"

"Nikikuahidi leo kwamba utashinda," nikamwambia, "kesho tajiri atakuja kuomba ahadi kama hiyo, na yeye ana sauti kubwa kuliko yako. Unataka jaji anayeahidi?"

Akafikiri. Halafu akaanza kucheka, akageukia wenzake: "Haya, Mama eko sawa!" Mwanangu, makofi yaliyopigwa pale! Wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele. Mwandishi wa redio alisahau kuzima mashine yake. Na Trésor mwenyewe akaitoa video ile nzima bila kukata, kwa sababu simu zote zilikuwa zimerekodi, angekata wapi?

Wafanyabiashara wenzangu wakanichagua. Siku ya kuapa nililia mbele za watu.

Lakini sikiliza yaliyofuata. Baadaye Trésor akaingia biashara ya simu, na mfanyabiashara mmoja akamshitaki kwa bidhaa alizoleta zikiwa zimeharibika. Aliponiona nimeketi kwenye meza ya majaji, uso ulimwanguka. Nikamwambia kiongozi wa kikao, wazi, watu wote wakisikia, kwamba kijana huyu na mimi tuliwahi kukwaruzana, na kwamba niko tayari kutoka. Kiongozi akamuuliza mshitaki. Akakubali nibaki. Akamuuliza Trésor.

Trésor akasimama, akanitazama. "Abaki," akasema. "Mi namujua. Huyu hakuna mutu anaweza kumuvuta ulimi. Abaki."

Alishindwa kesi ile. Hakufurahi, nami sikutarajia afurahi. Lakini alipotoka alinisalimu kwa mikono miwili.

Kwa hiyo, mwanangu, usiwakimbie watu wa redio wala hawa wenye simu. Wafungulie mlango, waeleze maisha yako, na namna unavyofikiri kazi hii. Unalomwambia mmoja, waambie wote. Usimpe yeyote hukumu kabla ya kesi, hata kama umati unakushangilia. Usimkodi mtu akusifu, wala akutukanie mwenzako. Wakikukata maneno, yarudie mchana, mbele ya watu, bila hasira. Na siku utakapokalia kiti, aliyekuchafua umpe sikio lile lile unalompa aliyekupigia kura.

Sasa nenda, kampeni inakungoja! Mungu wa baba zetu atie utulivu kinywani mwako na ujasiri miguuni mwako. Jina lako litajwe kwa heshima kuanzia mashimo ya mgodi wa Mashamba mpaka bwawa la Nzilo, na hata watakaoshindwa mbele yako waseme umewahukumu kwa haki. Amina, mwanangu. Amina.