Matanga ya Ijumaa Kuu

Mimi ni mdadisi tangu kuzaliwa. Mama alizoea kusema kwamba hata nikifa nitainuka kwanza niulize nani amekuja kunizika. Ndiyo maana, miaka ile ya tisini, katekista wa kigango chetu pale Kasokola alipotafuta watu wa kwenda naye Ijumaa Kuu asubuhi kwa Msukuma aliyehamia ng'ambo ya mto, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Alitaka kupeleka Injili. Mimi nilitaka kuona ndani kwake.

Yule mzee alikuwa ametoka Shinyanga na ng'ombe wake, mke, watoto na mama yake mzazi. Mara moja ng'ombe waliingia kwenye mahindi yetu. Alilipa, lakini maneno hayakuisha, na wengine wakasema ana dawa. Mvua zilipoanza mama yake akafariki. Alimzika pembeni mwa zizi, yeye na wanawe tu. Sisi wa kanisani tulisikia kilio, na hakuna aliyevuka mto. Kwetu, mtu ambaye majirani hawaji kumzikia hana jirani, na yeye alilijua hilo kuliko sisi.

Tulikwenda wanne. Alitupokea kwa furaha iliyonitia aibu, akatupa vigoda, akauliza habari za nyumbani, za mashamba, za watoto, za mvua. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye vibuyu vya maziwa vilivyopangwa ukutani. Nikawa najiuliza vinasafishwa na nini mpaka vinukie moshi vile. Ghafla tukasikia mbuzi analia nyuma ya nyumba, kisha kimya.

Tukatazamana. Ijumaa Kuu! Katekista wetu, mtoto wa Warundi waliokuja kama wakimbizi, alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa mfungo. Siku hiyo hata chai hakugusa. Angeweza kusema mapema, lakini alikuwa bado anatafuta maneno wakati ngozi inachunwa.

Nyama ilipokuja, na ugali wake, tukaweka mikono mapajani. Uso wa mwenyeji ulishuka, mpaka leo nauona.

"Mnaogopa nimewawekea kitu?" aliuliza.

"Hapana, mzee wangu," katekista alisema, jasho likimtoka. "Leo tuna msiba. Bwana wetu amekufa leo. Hatuli nyama."

Mzee akaketi. Akamwita mkewe aje asikie. Kisha maswali yakaanza, na mimi nikampenda hapohapo, maana alikuwa mdadisi kunishinda. Alikufa kwa nini? Waliomuua walikuwa wa ukoo gani? Mama yake alikuwepo? Alimwona mwanawe pale juu? Nani alitoa kaburi? Katekista akajibu moja baada ya lingine, na alikuwa fundi wa kusimulia. Alipofika kwenye kaburi la kuazima, mke wa mzee alikuwa analia kwa sauti.

"Na matanga mnamaliza lini?" mzee akauliza.

"Jumapili," katekista akasema. "Kanisani. Karibuni sana."

Wingu lilikuwa limetanda na ibada ya saa tisa ilitusubiri. Tukaaga mbiombio, tukavuka mto kabla haujajaa. Njiani tulijisifu kwamba ziara imeenda vizuri na nyama hatukuonja.

Jumapili ya Pasaka kanisa lilitikisika. Ngoma zilipigwa kwa mtindo wa Warundi, vigelegele, kina mama wanacheza mpaka vitenge vinafunguka. Katikati ya shangwe hiyo mlango ukatiwa kivuli. Alikuwa yule mzee, na mkewe, na watoto wao wote, wamenyolewa vichwa vinang'aa. Mke alibeba unga wa rambirambi kichwani. Mzee alishika kamba ya mbuzi.

Ngoma moja ikanyamaza, kisha nyingine. Kwaya nyuma yangu ikaanza kucheka kichinichini. Mimi sikuweza kucheka. 

"Mwalimu," mzee akasema, maana kwetu katekista huitwa hivyo, "mbona mnacheza? Si mlisema leo tunamaliza msiba?"

Katekista akashuka kutoka mbele, akampa mkono. "Mzee wangu, tunacheza kwa sababu amefufuka."

"Nani?"

"Yule yule. Siku ya tatu akatoka kaburini. Yu hai."

Mzee akamsogelea. Sijui kama aliamini. Nilichokiona usoni kwake kilikuwa kitu kingine.

"Wewe ulikuwa unajua hivyo ulipokuwa kwangu?"

"Nilijua."

"Na hawa wote walijua?"

Tulijua sote. Tulikuwa tumekaa kwake asubuhi nzima, tukamweleza kwa nini hatuli, tukamweleza misumari na miiba, kisha tukaikimbia mvua. Lile moja tulilotumwa kulisema tulirudi nalo nyumbani.

"Mimi mama yangu amelala pale karibu na zizi," mzee akasema, bila ukali. "Tulimlilia peke yetu. Nikasema hawa wenzangu wasimalize msiba wao peke yao kama sisi, tukanyoa. Na nyie mlikuwa na habari kwamba wafu wanaamka! Habari kama hiyo, mwalimu, mtu anapita nayo nyumba ya msiba asiiseme?"

 Katekista akamwondolea mke wa mzee mzigo wa unga kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akatugeukia sisi.

"Chukueni ngoma," akasema. "Ibada tutaimalizia kwao."

Tukavuka mto, kigango kizima, na kabla ya kuimba tulikaa chini kando ya kaburi la yule bibi, tukatoa pole.