Maadamu Dubu Wanacheza

Orlena Napier aliomba dua fupi akiwa amesimama mbele ya sinki, mikono ndani ya maji ya sabuni, macho kwenye mlima wa nyuma ya nyumba ambao bado ulikuwa na rangi ya jivu. Alisema, "Bwana, niachie Denzil maadamu Dubu wanacheza." Kisha akasuuza kikombe, akakiinamisha juu ya kitambaa, na papo hapo akaona haya.

Aliona haya kwa sababu katika nyumba ile Mungu hakuombwa mambo ya mpira. Denzil, mume wake kwa miaka hamsini na mmoja ya ndoa, alikuwa shemasi wa kanisa la Wabaptisti la Laurel Fork, na alikuwa pia shabiki wa Dubu, timu ya mpira wa kikapu ya chuo kidogo kilichoko chini bondeni. Hakuruhusu mambo hayo mawili yalale kitanda kimoja. Zamani, katika ibada ya maombi ya Jumatano, Hobart Sizemore alisimama akaomba wapendwa wamkumbuke mchezaji mmoja aliyeumia goti. Denzil akainuka upande wa pili.

"Goti tutaliombea, Ndugu Hobart. Mitupo yake, hapana. Mungu hana timu. Na kama anayo, ni dhahiri si yetu, maana tunafungwa kila Machi."

Kanisa zima liliangua kicheko, lakini tangu siku hiyo ikawa sheria.

Na sasa Orlena alikuwa ameivunja, Jumatano ya tatu ya mwezi wa Machi, sinki likiwa shahidi. Daktari alikuwa amewaambia kwamba mapafu ya Denzil, yaliyovuta vumbi la makaa ya mawe kwa miaka thelathini na miwili chini ya ardhi, yamefika mwisho wa kazi. Wiki, alisema, si miezi. Wakamleta nyumbani, wakamwekea kitanda cha hospitali sebuleni, na kando yake mashine ya oksijeni iliyonguruma usiku na mchana kama ng'ombe mwenye njaa.

Watu wa milima ile hawapendi kuomba kitu kikubwa. Ukiishiwa chumvi unakwenda kwa jirani kuomba ya chungu kimoja tu, na hiyo nayo unaiomba ukiwa umesimama nje ya mlango. Orlena alimwendea Mungu kwa adabu ileile. Dubu walikuwa wameingia mashindano ya vyuo vya nchi nzima, yale ambayo timu ikifungwa mara moja inafungasha virago. Waliwahi kuingia mara nne tu katika uhai wake, na mara zote nne walirudi nyumbani siku ya kwanza. Mechi ilikuwa Ijumaa. Kwa hiyo, kwa kupiga hesabu yake, alikuwa amemwomba Mungu siku mbili.

Namna yao ya kufuata mpira ilikuwa ya zamani. Televisheni ilizimwa sauti, kwa sababu Denzil hakuvumilia watangazaji wa mbali wasioweza kutamka hata majina ya vijana, na redio ikafunguliwa kwenye kituo cha mji wao, kilekile kinachosoma majina ya waliofariki kila saa nne asubuhi. Lakini tangu walipofunga dishi, picha ilianza kuchelewa nyuma ya sauti. Denzil aliipima kwa saa yake ya mkononi: sekunde nane. Redio ilikuwa inashangilia kikapu ambacho machoni pake hakijafungwa bado. Akaihamishia jikoni, na masikio yake yaliyoharibiwa na mashine za mgodini hayakuisikia tena.

"Wewe sikiliza, mimi nitatazama," alimwambia mkewe. "Ila usinitangulie, Lena. Ukisikia jambo, kaa nalo. Na huo uso wako nao ukae kimya."

Basi Orlena alisimama mlangoni, sikio moja jikoni, jicho moja sebuleni. Ijumaa ile Dubu walishinda kwa pointi moja. Kwa sekunde nane alikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyejua, akauma shavu kwa ndani ili uso usimponyoke, akamtazama mume wake akiukunja mkono, akiukunja, mpaka furaha ikamfikia naye.

"Lo!" Denzil alisema, na hakubakiwa na pumzi ya neno la pili.

Jumapili wakashinda tena.

Hapo ndipo machipuko yalipoanza kupanda mlimani. Huanzia chini kwenye kijito, mti mmoja wa maua ya zambarau, halafu miwili, kila siku hatua chache juu zaidi. Denzil alianza kula. Aliomba maharage na mkate wa mahindi uliovunjwavunjwa ndani ya bilauri ya mtindi, akamaliza nusu. Hobart alikuja na karatasi mbili mkononi, akaingia bila kubisha hodi.

"Bado upo, mzee?"

"Kaa uone kama nitakufa kabla hujalipa ujinga wako. Soma."

Kila Machi wanaume wa kanisa lile hujaza karatasi ya mashindano, kila mtu akibashiri mshindi wa kila mechi. Hakuna senti inayowekwa, wao ni Wabaptisti na kamari kwao ni dhambi. Lakini anayekosea kuliko wote ndiye huosha vyombo vya kifungua kinywa cha asubuhi ya Pasaka. Kwa miaka ishirini na tisa Denzil aliandika kwamba Dubu watatwaa ubingwa, hata miaka ambayo hawakuwemo, na kwa miaka ishirini na tisa alivaa aproni. Hobart alikuwa mtu wa chuo kikubwa cha jimbo, chenye makombe mpaka kwenye ngazi. Mwaka huu chuo hicho kilikuwa kimetolewa mchana wa kwanza.

"Sina la kusoma," Hobart alisema. "Nimeshika mkia."

"Dada Orlena," Denzil aliita kwa sauti ya ibada, "mletee Ndugu Hobart glavu za mpira azijaribu ukubwa."

Walicheka mpaka mashine ikawa haisikiki. Orlena alicheka nao, lakini moyo wake haukuwemo. Alikuwa ameanza kujuta. Kwa nini hakuomba kitu kikubwa zaidi? Angeomba mwaka. Angeomba mpaka mahindi yakomae. Sasa alijikuta akisoma habari za vifundo vya miguu vya vijana wa miaka ishirini, akiwachukia watoto wa watu huko mbali wasiomjua, akiamka alfajiri na kuhesabu: wamebaki wangapi, tutacheza na nani. Binti yao Twyla alipiga simu kutoka Ohio kuuliza kama aje wikendi hii.

"Subiri tushinde kwanza," Orlena alijibu, na kimya cha upande wa pili kikamshtua.

Ijumaa iliyofuata wakashinda, na mji wote ukapiga honi. Zikabaki timu nane nchi nzima. Mechi yao ikapangwa mchana wa Jumapili ya Matawi.

Asubuhi hiyo watoto wa kanisa walipita barabarani wakipunga matawi ya mwerezi, maana mitende haioti huko, wakasimama chini ya dirisha wakamwimbia shemasi wao. Denzil aliinua vidole viwili. Midomo yake ilikuwa na rangi ya maua ya mlimani, na Orlena aliiona, akageuka upande.

Mchana akasimama mahali pake mlangoni. Sekunde sita zilibaki, Dubu nyuma kwa pointi moja, mpira mikononi mwa kijana Stidham, mtoto wa bonde la pili, ambaye babu yake alifanya kazi mgodini na Denzil. Jikoni mtangazaji wa redio alikuwa amekauka sauti. Stidham anaingia, alisema. Anaruka. Mpira unazunguka kwenye ringi, unazunguka, bado, bado. Umetoka. Bwana wee, umetoka.

Sebuleni Stidham alikuwa hajaanza hata kukimbia.

Orlena alishika fremu ya mlango. Alimwona Denzil ameinua kichwa kwenye mto, shingo imekaza, macho yanang'aa kama ya mvulana anayesubiri zawadi. Sekunde nane nzima mume wake alikuwa na tumaini, na yeye alikuwa tayari mjane. Alijaribu kuunyamazisha uso wake. Haukunyamaza.

Denzil hakuwa akitazama televisheni tena. Alikuwa ameugeuza uso kumtazama yeye.

"Umetoka," alisema taratibu. Nyuma yake, kwenye kioo, mpira ulikuwa bado unazunguka.

"Samahani. Nimekutangulia."

"Umenitangulia mara zote. Mwaka wa kumi huu nausoma uso wako, hujui?" Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Lakini leo huo si uso wa mpira. Umefanya nini, Lena?"

Akamwambia. Alipiga magoti kando ya kitanda, paji la uso kwenye shuka, akasema yote: sinki, maneno, siku mbili alizodhani ameziomba, na jinsi alivyokosa kumtazama yeye kwa wiki mbili kwa sababu ya kutazama ubao wa pointi.

Mkono wa Denzil ukashuka kwenye nywele za mkewe.

"Unataka kuniambia Bwana wa majeshi ameutundika uhai wangu kwenye kidole cha kijana Stidham?"

"Usinitanie."

"Simtanii mtu. Mtoto wa watu yuko kule analia mbele ya nchi nzima, na wewe unamtwika na kifo changu juu yake." Akapumzika. "Mungu hana timu. Nitakufa siku yangu, na wewe hukuiweka wala hukuiondoa. Mpigie Twyla aje."

Twyla alifika Jumatatu. Orlena alikaa akingoja. Kila pumzi ilipochelewa alijiambia ndiyo hiyo, dua imefika ukingoni. Haikuwa hiyo. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Jumamosi baridi ikarudi, ile ambayo watu wa huko huiita baridi ya machipuko kwa kuwa huja maua yakiwa wazi, na asubuhi ya Pasaka barafu nyembamba ilikuwa kwenye kila tawi.

"Nenda kanisani," Denzil alimwambia. "Ukamwone Hobart akiosha vyombo. Miaka ishirini na tisa nimeingoja siku hii, na siwezi kuipata kwa redio. Twyla atakaa nami."

"Siendi popote."

"Lena. Nenda ukanitazamie."

Alikwenda. Alikaa kwenye kiti cha jikoni ya kanisa, amevaa koti, akamtazama Hobart Sizemore amefungwa aproni yenye maua, glavu mpaka viwikoni, akiosha sahani moja kwa muda mrefu kupita kiasi.

"Mwambie naosha vizuri kuliko yeye," Hobart alisema bila kugeuka, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Alirudi nyumbani mbiombio, barafu ikidondoka kutoka mitini. Denzil alikuwa macho.

"Amevunja vingapi?"

"Viwili. Na kifuniko cha birika."

Alicheka, na kicheko kikamwingiza kwenye kikohozi, na kikohozi kikamchukua nguvu zote alizokuwa amebakiza. Hakucheka tena. Alikufa Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Orlena akiwa ameshika mguu wake juu ya blanketi, Twyla akimsomea zaburi. Hapakuwa na mechi popote. Bingwa alikwisha kupatikana, chuo cha mbali, na hakuna mtu wa bonde lile aliyejali kukitaja.

Ijumaa asubuhi watu wa hospitali wakaja kuchukua kitanda na mashine. Nyumba ikawa kimya kiasi cha kuumiza masikio. Orlena aliwasha redio jikoni, akatoa vikombe kwenye kitambaa. Saa nne mtangazaji, yuleyule wa mpira, akaanza kusoma majina, na la pili lilikuwa Denzil Napier, miaka sabini na minne, mchimba makaa mstaafu, shemasi.

Orlena aligeukia mlango wa sebule. Aliuma shavu kwa ndani, akaunyamazisha uso, akaanza kuhesabu. Kwenye zulia yalikuwepo mashimo manne ya magurudumu ya kitanda. Alifika nane, akaendelea kusimama.