Chumba Nilichomchorea Mama

Kwenye programu ninayotumia kuchorea nyumba kuna vitu vingi vya kuweka uani. Kuna miti ya kila aina, kuna bembea, kuna bwawa la kuogelea, na kuna mbwa wa kahawia aliyeketi ambaye hageuzi kichwa hata ukimzunguka. Kaburi hakuna. Nilitafuta asubuhi nzima, nikafungua kila kisanduku, na mwisho nikachukua tuta la maua, nikalivuta mpaka likawa na urefu wa futi saba, nikaliweka mbele ya nyumba, mkono wa kushoto ukitoka mlangoni. Hapo ndipo mume wangu alipo.

Mimi sikusomea kuchora. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili. Ninafanya kazi kwenye duka la kompyuta hapa Kitale, karibu na msikiti, mahali watu huja kutoa nakala za vitambulisho na kuandikiwa barua. Mwenye duka ndiye aliyeiweka programu hiyo kwenye kompyuta ya pembeni, akaichezea wiki moja, akachoka. Mimi sikuchoka. Maneno yake yote ni ya Kiingereza na mengine siyajui mpaka leo. Ninachojua ni kitufe kilipo, kama mtu anavyoijua swichi ya taa nyumbani kwake.

Watu walipojua kwamba ninachora, wakaanza kuja. Wakulima wa Kachibora na Moi's Bridge wakishauza mahindi huja na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Kazi yangu ni kuigeuza karatasi hiyo iwe nyumba wanayoweza kuingia kwa macho kabla ya kumwita fundi. Mzee mmoja alikitazama chumba cha wageni nilichomchorea, akauliza, "Hiki kinaingia magunia mangapi?"

"Si ni cha kitanda, mzee?"

"Mgeni analala siku mbili, mama. Mahindi yanalala miezi sita."

Tangu siku hiyo, kabla sijachora chumba, huuliza kwanza nani atalala humo. Ajabu ni kwamba nilipofika kwenye nyumba yangu mwenyewe, swali hilo sikuliuliza.

Mume wangu alikuwa dereva wa trekta. Kwao ni Bungoma, upande wa Kibabii, na huko alikuwa amechoma matofali kwa misimu miwili ya kiangazi, akayapanga na kuyafunika kwa nyasi na mabati makuukuu. Kisha akaugua. Siku za kliniki alikuwa akitoka hospitalini anakuja kuketi kwenye benchi la duka letu, anapumzika kabla hatujaenda nyumbani. Wateja wakipungua ananiambia, "Fungua nyumba yetu."

Kuna kitufe kinachokuwezesha kutembea ndani ya nyumba kwenye skrini. Unabonyeza mshale, mlango unakujia, unapita. Wakati huo hata kupanda ngazi za duka kulimchosha, lakini humo alitembea sana. Alinisogezesha mlango wa jikoni mara tatu. Alikataa dirisha la bafu kwa sababu lilitazama njia. Siku moja tulizunguka vyumba vyote, akasema, "Nyumba nzuri, lakini mbona hakuna mtu? Ama tumehama?"

Nikacheka. Nikamwekea yule mbwa sebuleni. Akasema mbwa haingii ndani, nimtoe.

Kuhusu mama yake alisema maneno mawili tu. Tulikuwa tunapanga jikoni, akasema, "Usimsahau Mama." Hakuongeza. Mama yake alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya zamani pale bomani Kibabii, nyumba inayovuja, na mvua ikinyesha huweka karai tatu na sufuria moja sakafuni. Siku iliyofuata, ambayo mume wangu hakuja dukani, nilichora chumba cha Mama. Nilikiweka kando ya chetu, chenye choo cha ndani, na mlango usio na kizingiti ili asijikwae. Nilifurahi sana nilipokimaliza. Mume wangu hakuwahi kukiona. Baada ya hapo alilazwa, na hakurudi kwenye benchi letu.

Kwa watu wake mwanamume hazikwi kwenye uwanja usio na nyumba yake. Kwa hiyo ndugu zake walisimamisha chumba kimoja cha muda, cha mabati, kwa siku mbili, akazikwa mbele yake. Nyumba aliyoitembea hatukuijenga. Matofali yalikuwa pale pale, wageni wa matanga wameyakalia.

Baada ya miezi kadhaa shemeji, mdogo wa mume wangu, alinipigia simu. Alisema tofali za chini zimeanza kumomonyoka, na mvua nyingine ikija tutapoteza kazi yote ya marehemu. Alikuwa amepata fundi. Akaniomba niende na ile ramani, maana nyumba ikiisha ningehamia huko.

Niliazima laptopu ya mwenye duka nikaenda. Mama alinipokea kwa salamu yao ya "mulembe", akanishika mikono yote miwili, akanipa chai kabla ya neno lolote. Kisha tukakaa, yeye katikati, shemeji upande wa pili, na laptopu mapajani mwa Mama. Aliishika kingo kama mtu anayeshika sinia lenye vikombe.

"Hii ni mlango?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hii maua yote?"

"Hapo ni yeye, Mama. Hawana kaburi humu. Nimeweka maua."

Aligusa skrini kwa kidole, akakiacha pale kidogo. "Umempatia maua mazuri," akasema. "Na vile alikuwa anafyeka yangu akisema ni magugu."

Shemeji akacheka, mimi nikacheka, na yeye akacheka akifuta macho. Kama ningefunga laptopu wakati huo, ingekuwa siku njema. Lakini nikabonyeza mshale, tukaingia ndani, tukapita sebule, tukapita chumba changu.

"Na hii ingine?"

"Ni chumba chako, Mama."

Shemeji alirudi nyuma kwenye kiti. "Shemeji! Ati Mama alale kwa nyumba ya kijana yake? Unataka ukoo wote utukimbie?"

"Lakini kina choo ndani," nikasema, kama mjinga.

"Hata kikiwa na lifti, bana!"

Mimi nilizaliwa Kitale mjini. Wazazi wangu walitoka sehemu mbili tofauti, wakakutana kwenye vyumba viwili vya kupanga, na humo tulilala sote, pamoja na bibi alipotutembelea. Nilikuwa nimeolewa miaka mingi, nikijua kwamba Mama akija kwetu Kitale hurudi siku hiyo hiyo hata iwe nini. Nilidhani hapendi mji. Sikuwahi kuuliza. Kumbe kwa watu wake mama halali chini ya paa moja na mwanawe aliyeoa, na mwana akifa paa hilo bado ni lake.

Mama hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu, "Hapana, mwanangu. Asante, lakini hapana. Toa hiyo chumba."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mteja yeyote. Nikasema, "Ni yeye aliyekitaka. Aliniambia kabla hajafa."

Mama akaniuliza, "Alisema hivyo?"

"Alisema."

Nilirudi Kitale jioni hiyo nikijiambia kwamba si uongo hasa. Si alisema nisimsahau Mama? Lakini nilijua. Mume wangu alikulia kwenye boma lile. Angekiona chumba hicho angesema nikitoe, kama alivyosema nimtoe mbwa.

Wiki mbili zikapita. Nilisubiri kusikia kwamba msingi umechimbwa, sikusikia. Kisha shemeji akapiga simu, nami nikiwa kwenye mashine ya nakala, mteja amesimama mbele yangu.

"Shemeji, Mama halali. Hata chakula anagusa tu. Anasema mtu akikufa ameacha neno, hilo neno linabaki. Akikubali, amevunja mwiko. Akikataa, amemkataa marehemu. Fundi alikuja jana, Mama akamwambia arudi kwake. Sasa anataka kuita wazee. Si uniambie, kaka alisema aje? Maneno yenyewe."

Karatasi zilitoka mashineni zikaanguka chini. Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini uongo huo niliusema mbele ya Mama, na niliona haya kuuondoa kwa simu.

"Nakuja kesho," nikasema.

Nilimkuta Mama jikoni, kwenye kibanda cha moshi nyuma ya nyumba, akichambua majani ya kunde kwenye ungo. Alikuwa amepungua. Niliketi kwenye kigoda nikachukua kunde na mimi, maana sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Mama, nilidanganya. Alisema, 'Usimsahau Mama.' Basi. Chumba ni mimi. Hata hakukiona."

Aliendelea kuchambua. Jani zuri kwenye sufuria, shina kando.

"Sasa kwa nini ulisema ni yeye?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ni kwa sababu ya nyumba inayovuja, na ya magoti yake. Hiyo ingekuwa kweli nusu. Nilikuwa nimeshachoka na kweli nusu.

"Kwa sababu naogopa, Mama. Sijawahi kuishi hapa. Nyumba ni ya vyumba vitatu na mimi ni mmoja. Nilitaka nikilala nisikie mtu akikohoa upande wa pili."

"Kukohoa?" akasema. "Kukohoa mimi ninakohoa sana."

Nikadhani ametania, nikainua macho. Hakuwa anatania, bado.

"Umenitesa, mwanangu. Wiki mbili nimeenda hapo kwa kaburi asubuhi, nikamwambia mtoto wangu anisamehe, siwezi. Nimemlilia ile kitu hakuniomba." Akaweka ungo chini. "Sasa enda wewe. Enda umwambie vile umeniambia."

Nilikwenda. Udongo wa kaburi ulikuwa umedidimia upande mmoja. Nilisimama pale mchana kweupe, ng'ombe wa jirani akinitazama, nikasema yote kwa sauti, kwa sababu nilijua Mama amesimama mlangoni pa jikoni akisikiliza. Sikulia. Nilikuwa sijaongea na mume wangu tangu tumzike, na hayo ndiyo yakawa maneno yangu ya kwanza kwake.

Nilipogeuka, Mama alikuwa ameshafika, na jembe mkononi.

"Nyumba yako iko wapi hapa?"

Nikamwonyesha kona. Akachora mstari kwa ncha ya jembe. Kisha akapiga hatua kwenda upande wa juu: moja, mbili, tatu. Akachora mwingine.

"Hapa ni yangu. Upande wa juu, mimi ndio nilitangulia. Chumba moja tu, na hiyo choo yako usitoe. Paa yako iwe yako, na yangu iwe yangu. Zisigusane. Mvua ikinyesha ipite hapa katikati, ifike chini. Kukohoa itasikika."

Shemeji alipokuja jioni alitazama mistari, akakuna kichwa. "Hiyo wazee hawawezi kataa," akasema. "Lakini tofali zitaisha."

"Kuta za kwangu weka udongo," Mama akamwambia. "Mimi sio wa nyumba za skrini."

Niliporudi Kitale nilidhani kazi ni ndogo. Haikuwa. Programu ile imetengenezwa na watu wanaopenda kila kitu kiungane. Nikisogeza chumba cha Mama, ukuta wake unaruka na kunata kwenye ukuta wangu. Nikikitenga, nikibonyeza kitufe cha paa, linashuka paa moja kubwa linafunika vyote viwili na njia ya mvua katikati. Nilifuta, nikarudia, nikafuta. Mwenye duka alikuja akaangalia juu ya bega langu, akasema, "Si uache tu ziungane? Ni picha."

Nikamwambia si picha.

Siku ya tatu niligundua kwamba ukishikilia kitufe kimoja cha pembeni wakati unavuta, kuta haziruki. Na paa unaweza kulichora kwa mkono, kona kwa kona. Nikachora mawili. Nikabonyeza mshale nikapita katikati yao, hatua tatu za upana, huku ukuta na huku ukuta, juu mbingu ya buluu ambayo programu huiweka bila kuulizwa.

Nilimpelekea Mama picha zilizochapishwa, kwa sababu laptopu ilikuwa na kazi. Alizipanga kwenye meza, akazitazama moja moja, akarudia ile ya chumba chake.

"Hii dirisha inaangalia wapi?"

"Shambani, Mama. Kuna upepo mzuri."

"Shamba nimeiona tangu niolewe. Ilete huku." Akaweka kidole kwenye ukuta unaotazama mlango wangu. "Asubuhi nataka kuona kama umefungua. Usipofungua, nakuja kugonga."

"Sawa, Mama."

"Na wewe utoe kitanda yako hapo kwa dirisha. Sitaki kuona mtu akilala mpaka saa tatu."

Nilichukua kalamu, nikaweka alama pale alipoweka kidole. Nje fundi alikuwa ameshafunga kamba kutoka kigingi mpaka kigingi, na shemeji alikuwa akiondoa nyasi juu ya matofali ya mume wangu, akiyagonga moja moja ayasikilize kama bado ni mazima.