Kuku Weupe wa Mama Sweta

Kwa nini mwanamke mwenye akili zake timamu ang'ang'anie kuku weupe, wakati kila mtu pale dukani anamwambia achukue wekundu? Binti yake alidhani ni ubishi wa uzee. Dakta Kuku, yule muuza kuku ambaye udakta alipewa na wateja wala si na chuo chochote, alidhani ni kutojua tu. Wote wawili walikosea. Mama Sweta alikuwa anaogopa, na sababu yenyewe hakuwa amemwambia mtu yeyote chini ya jua. Macho yake yalikuwa yanakufa.

Ilianzia kwenye kazi. Kwa miaka thelathini na moja alifuma sweta za shule kwa mashine, sebuleni kwake, mpaka watu wakalisahau jina alilozaliwa nalo. Halafu mwaka jana akaanza kuruka nyuzi. Sweta inatoka na mstari mweusi shingoni, yeye anaapa ni wa kijani. Akaifunika mashine kwa shuka, akatangaza kwamba mgongo umemshinda. Mgongo! Mgongo wake ulikuwa mzima kuliko wako wewe unayesoma. Ni dunia iliyokuwa imegeuka kioo cha bafuni kilichopigwa na mvuke. Kitu cheupe alikiona. Kitu cha kahawia juu ya udongo, au cheusi kivulini, kwake hakikuwepo, mpaka akikanyage.

Hospitali hakwenda. Kwenda ni kuambiwa, na kuambiwa ndiko alikokuwa anakukimbia. Maana mama yake mzazi alipofuka naye, wakamkalisha kwenye kiti kando ya mlango wa jikoni. Wala hawakumtesa, walimpenda mno. "Usinyanyuke Mama, utaanguka. Usiguse Mama, utaungua." Miaka kumi na moja mtu mzima anaambiwa usiguse! Alikufa akiwa na mikono laini kama ya mtoto mchanga, yeye aliyelea watoto saba kwa jembe. Kiti chenyewe bado kipo, cha mbao na kamba, jikoni kwa Mama Sweta, na kila akipita karibu nacho mwili unamsisimka.

Na huyu binti yake, kifungua mimba, mwalimu, mtu wa mipango na orodha, alikwisha sema mara mbili: "Siku nyinyi wazee mkishindwa kujiangalia, nawahamishia kwangu ghorofani. Chumba kipo." Alisema kwa mapenzi, na ndiyo maana ilitisha.

Ndipo likaja wazo la kuku. Kuku kumi na wawili wa mayai, uani kwake. Mtu mwenye kuku ana kazi asubuhi na ana kazi jioni, na mtu mwenye kazi hakuna anayemwambia akae kitini.

Siku ya kununua walikwenda watatu: yeye, mumewe Fundi Rangi, na binti yao. Dakta Kuku alikuwa amepanga vizimba vya waya ukutani, kila kizimba na mbegu yake, mitetea wakubwa waliokaribia kutaga.

"Hawa wekundu," alisema, "ndio kuku wa mtu mwenye uwanja mdogo. Wapole, wanakufuata miguuni kama paka. Mayai karibu kila siku, makubwa, ya kahawia. Hawa wa madoadoa wanataga kiasi, ila wana mwili, siku ukichoka nao unajua pa kuwapeleka. Weusi ni wagumu, hawaugui ovyo. Na hawa kishingo, wasio na manyoya shingoni, joto kwao si kitu."

Mama Sweta aliinama mbele ya kila kizimba kama mtu anayechunguza. Kwa wekundu aliona kutu. Kwa madoadoa aliona vumbi linatembea. Weusi hakuwaona kabisa, aliwasikia tu wakikwaruza ndani ya giza. Akasogea kizimba cha mwisho. Jamani! Humo aliwaona, weupe, mmoja mmoja, huyu kichwa chake na huyu mkia wake. Ilibaki kidogo alie mbele za watu.

"Hawa," akasema.

"Aa, Mama, hao!" Dakta Kuku akacheka. "Wanataga sana, siwasingizii, na kula hawali sana. Lakini ni waoga kupita kiasi. Mfuniko ukianguka, wote wako juu ya ukuta wa jirani. Na mayai yao meupe, kuna wateja hawayataki."

"Na mwewe je?" binti akadakia, simu mkononi. Alikuwa amesoma habari za kuku wiki nzima, akajiona hakuna asichokijua. "Kuku mweupe mwewe anamuona toka huko juu mawinguni. Chukua wekundu, Mama, ndio wanaokufaa."

"Nataka weupe."

"Lakini kwa nini?"

Aseme nini? "Wamekaa kisafi," akasema.

"Wamekaa kisafi! Kwani tumekuja kununua mashuka?"

Fundi Rangi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Huyu bwana amepaka nyumba za watu miaka arobaini, na maoni hatoi ila kuhusu rangi, tena mpaka aulizwe. Akakohoa. "Mama yako amesema weupe," akasema. "Basi ni weupe." Kuku weupe wakafungwa kwenye matenga.

Wiki sita zilizofuata Mama Sweta aliishi kama mtu aliyeiba kitu na bado hajakamatwa. Asubuhi anafungua banda, weupe wanamwagika uani, anawahesabu: kumi na wawili. Bahati nayo ikawa upande wake. Fundi Rangi alikuta kopo la rangi nyeusi stoo, akayapaka ndani masanduku ya kutagia, "isiharibike bure," akatandika magunia makuukuu. Yai jeupe humo ndani lilionekana hata kwake. Wiki nyingine akapiga mstari mweupe kwenye ukingo wa kila ngazi ya mlango wa nyuma. "Ilibaki kidogo," alisema, "niimwage?" Mama Sweta akashukuru kwa rangi zilizobaki, asiulize.

Lakini hofu haikumwacha hata siku moja. Wale kuku waliogopa kila kitu, ndoo, kandambili, kivuli cha nguo kwenye kamba, na mwenye kuku vilevile. Mlango ukigongwa waliruka wote, kumi na watatu pamoja naye.

Jumamosi moja binti alikuja, akaketi barazani kusahihisha madaftari. Mama yake alikuwa uani anamwaga mtama. Mara upepo ukampita shavuni, fyuu! Kuku wakapasuka kila upande wakipiga kelele. Mama Sweta akasimama. Hatua mbili mbele yake aliona kuku mmoja anagaagaa mavumbini, akadhani anaoga.

"Mama! Mfukuze! Huyo hapo miguuni pako! Mama!"

Mwewe wa kahawia alikuwa amekaa juu ya yule kuku, na yeye Mama Sweta alikuwa anamtazama kuku wake akichinjwa, mkono wake umejaa mtama. Binti alipofika na fagio, mwewe aliondoka, na kuku alikuwa amekwisha.

"Hukumuona?"

"Jua lilinipiga machoni."

Binti alimtazama mama yake kwa muda mrefu. Mama Sweta hakuyaona yale macho, lakini aliyahisi ngozini.

Jumamosi iliyofuata geti likafunguliwa, na sauti ya Dakta Kuku ikasikika nyuma ya sauti ya binti. Walileta matenga mawili. Weupe kumi na mmoja wakakamatwa kwa vurumai kubwa, wekundu kumi na wawili wakawekwa. "Nimekumalizia tatizo, Mama," binti akasema, anahema, amejaa furaha. "Hawa hawatakusumbua, na mwewe hatawaona."

Hatawaona! Mama Sweta alijikaza kisabuni. "Asante, mwanangu," akasema.

Walipoondoka, akageuka kuutazama uwanja wake. Ulikuwa mtupu. Udongo mwekundu, kuku wekundu, na sauti tu, ko-ko-ko, kila mahali na hakuna mahali. Tena ule upole waliosifiwa ndio uliokuwa balaa: walimfuata miguuni, kama alivyosema Dakta Kuku, wakajaa kwenye nyayo zake. Siku ya kwanza alimkanyaga mmoja, akaruka, nusura azimie. Siku ya pili aliingiza mkono kwenye sanduku jeusi, mayai ya kahawia hayakuonekana, akapapasa, akavunja matatu. Maganda aliyafukia kama mchawi, akanawa mikono mara mbili. Siku ya tatu alijikwaa kwa kuku, akaanguka kifudifudi.

Alibaki pale chini. Goti lilikuwa linatoka damu, na halikumuuma. Alichokisikia ni sauti ya mama yake mzazi ikisema, haya, nimekaa, nimekaa. Akalia kimya kimya, kuku wakimzunguka na kumdonoa kanga. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, hata kuliko siku za kujifungua.

"Nimeteleza," alimwambia mumewe. Fundi Rangi alimwosha goti, akalifunga kitambaa, hakuuliza. Kisha akatoka nje, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Asubuhi yake Mama Sweta alisimama kwenye mlango wa nyuma, mkono kwenye fremu, akijilazimisha kushuka ngazi. Mara akaona madoa meupe. Madoa meupe yanatembea uani, hayana kichwa wala miguu, moja, mawili, matano! Ndiyo basi, akasema moyoni, ndivyo inavyokwisha, ukungu umeanza kucheza wenyewe. Akashika fremu kwa mikono miwili. "Mungu wangu, bado," akasema. "Bado kidogo."

Doa moja likaja mpaka mguuni pake likasema ko-ko. Akainama, akaligusa. Lilikuwa la joto, lenye manyoya. Vidole vikatoka na unga unga mweupe, unaonuka chaki na uji.

"Huyo usimguse," ikasema sauti ya mumewe, "hajakauka."

Fundi Rangi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kuku mwekundu amembana kwapani, mkono mwingine umeshika brashi. Alisema vile vile alivyokuwa akisema kuhusu milango ya watu. "Chokaa ingewachoma," akaendelea, kana kwamba ndicho kilichoulizwa. "Hii ni chaki nimesaga, nimekoroga na uji ishike. Ila wanadonoana, wanakula rangi, wapuuzi hawa. Itabidi nirudie kila siku."

Mama Sweta akakaa kwenye ngazi, juu ya ule mstari mweupe. Akaugusa. Ndipo yote yalipomjia kwa pamoja: mstari, masanduku meusi, na kule kukohoa dukani.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu uliponifumia sweta yenye mkono mmoja wa kijani na mmoja wa kahawia. Niliivaa msimu mzima wa baridi."

"Ukanyamaza!"

Brashi ikasimama. "Niliogopa, mke wangu. Nilijiambia nikisema tu, itakuwa kweli." Alimwachia kuku, akaja akakaa naye ngazini, na mkono wake wenye chaki ukautafuta wa mkewe.

Geti likalia. Binti, amepita kabla ya shule kuwaangalia kuku wake wapya. Akasimama kama amegongwa.

"Mungu wangu! Kuku wamepatwa na nini? Msiwaguse! Baba, weka chini hiyo brashi, nampigia Dakta Kuku sasa hivi."

"Ni dawa ya viroboto," Fundi Rangi akaanza, na hata kuku asingemwamini.

Mama Sweta akainua mkono kumnyamazisha. Akasimama. Msidhani hofu ilikuwa imemtoka. "Kuku ni wazima," akasema. "Mgonjwa ni mimi. Sioni, mwanangu. Mwaka wa pili huu. Wale weupe nilikuwa nawaona."

Simu haikupigwa. Uso wa binti hakuuona, alisikia tu funguo zikianguka chini.

"Nikakunyang'anya," binti akasema polepole. "Mama, wale uliokuwa unawaona, nikaja nikakunyang'anya."

Halafu akakimbilia jikoni. Ikasikika sauti ya mbao ikiburutwa kwenye saruji, sauti ambayo Mama Sweta angeitambua hata usingizini. Kile kiti. Binti alikileta mpaka nyuma yake, akamshika mabega. "Kaa, Mama. Kaa kwanza, utaanguka."

Mama Sweta akapapasa nyuma, akaikuta kamba, akaukuta mgongo wa kiti ulivyolainishwa na mgongo wa mama yake. Akaushika. Akakigeuza kiti, akakisukuma kwa binti yake.

"Kaa wewe, mama yangu. Wewe ndiye miguu inakutetemeka. Leo utanipeleka hospitali, nitakwenda, ingawa naogopa. Ghorofani siendi. Na sasa hivi nina mayai ya kuokota."

Akachukua ndoo, akaifuata ile migongo meupe kuelekea bandani, taratibu, mkono mmoja ukutani. Nyuma yake alisikia kiti kikilalamika kwa kukaliwa, na binti yake akianza kulia. Hakugeuka, kwa sababu tayari alikuwa amefika kuku wa saba katika kuhesabu.