Hina kwa Punda wa Maskati

Mie kazi yangu ni kupaka hina maarusi. Ulijue hilo mwanzo, usije ukanidhania vingine. Nimewapaka mabinti wa Mwera nzima, nimeitwa Bweni, nimevushwa na pantoni mpaka Pangani mjini, na kila nilikokwenda nilitandikiwa mkeka safi nikaitwa Bi Mastura. Sasa fikiri mwenyewe, mtu wa heshima yangu, asubuhi moja natokea mlangoni namkuta jirani yangu Bwana Hashil bin Saud kasimama na bakora yake, anatazama kushoto, anatazama kulia, kama mtu aliyeibiwa.

"Mastura," akaniambia, "twanga hina. Nyingi."

Nikafurahi. Nikauliza, "Nani anaolewa?"

"Haolewi mtu. Ni Zumaridi."

Zumaridi ni punda! Loo! Nilisonya mpaka kuku wakakimbia. Lakini Bwana Hashil hakuwa na mzaha usoni, midomo yake ilikuwa imekauka, na kabla sijamtolea maneno yake akasema, "Ninamuuza. Mnunuzi anakuja baada ya adhuhuri." Kisha akageuka akaenda zake haraka, akafika kwenye minazi, akarudi tena kuniambia nisisahau kutia ndimu.

Huyo punda hukumuona, ndiyo maana unacheka. Alikuwa punda wa Maskati, jike, mrefu, mweupe kama shuka mpya, wale wa kupandwa na watu, si wa kubebeshwa magunia. Mama yake alikufa siku aliyomzaa, na Bwana Hashil alimlea mwenyewe kwa maziwa ya mbuzi, akichovya kitambaa na kumnyonyesha tone kwa tone. Watu walimcheka, wakasema Mwarabu kapata mtoto. Yeye hakujali. Alipokua akawa ndiye miguu yake, maana kazi ya Bwana Hashil ilikuwa udalali wa mbata, zile nazi kavu: huzunguka kwa wenye minazi midogo midogo, huangalia nani kakausha vizuri na nani kakausha vibaya, kisha huwapelekea habari wafanyabiashara wa Pangani. Miaka hiyo ya hamsini malori yalishaanza kuingia mpaka ndani kwetu huku, mkonge ulikuwa na bei nzuri na kila mwenye kitu ananunua baiskeli, lakini Bwana Hashil ungemkuta juu ya Zumaridi, kanzu imenyooka, mgongo umenyooka, anaitikia salamu kama liwali.

Basi kwa nini amuuze? Kwa sababu ya mkewe.

Bi Zeyana macho yalianza kumsumbua. Binti yao, Sabiha, kaolewa Tanga mjini, Ngamiani, na alikuwa kila akipata mtu wa kuja huku anatuma maneno: mama aletwe, hospitali iko, daktari wa macho yuko, lakini matibabu si ya kwenda na kurudi, waje wakae. Chumba kimoja kiko tayari kwa ajili yao. Chumba, si zizi. Ngamiani nyumba zimegandana, uani kwa Sabiha hata mbuzi angekaa kwa kukunja miguu. Na Bi Zeyana alishasema hendi peke yake, na Bwana Hashil alishasema mkewe hakai mjini bila yeye. Nikamwambia, niachie mie huyo punda. Akaniangalia kama niliyemtukana. "Weye? Utampa maganda ya muhogo." Mtu kamili huyo anakwambia hivyo usoni!

Kwa hiyo ilibaki kuuza. Na kwao, tangu kwa marehemu mzee Saud, mnyama wa kupandwa hatoki nyumbani moja kwa moja bila kupakwa hina miguuni. Wanasema hakufukuzwa huyo, kapelekwa, kama binti anavyopelekwa kwa mume.

Haya, nikapaka. Nilitandika gunia nikakaa chini, nikamsinga miguu yote mpaka magotini, na Zumaridi katulia kuliko maarusi wengi ninaowajua. Asiyetulia alikuwa mwenye punda. Anakaa kibarazani, anainuka. Anaingia ndani, anatoka. Anamshika punda sikio, anaachia, anaangalia jua. Mnunuzi, mfanyabiashara mmoja wa Pangani, akafika, na hina ilikuwa haijakauka sawasawa, Bwana Hashil akamtazama mikono akamwambia, "Samahani, leo siuzi. Siku yenyewe si nzuri." Yule bwana akaondoka anaguna, na mie nikaosha bakuli langu.

Mara ya pili yakawa yale yale. Kaniita, nimetwanga, nimepaka, mnunuzi mwingine kaja, kaambiwa ana mkono mzito kwenye hatamu. Mkono mzito wakati hata kugusa hatamu hakugusa! Huko kijijini ikawa gumzo. Wanaona punda ana hina mbichi, basi wanasema Bwana Hashil anaoa mke wa pili, na mie Mastura ndiye mshenga. Nilipita kisimani wakanipigia vigelegele. Nilirudi ndoo nusu, kwa hasira.

Nikaenda kwa Bi Zeyana jikoni kwake. Alikuwa kakaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, taratibu.

"Da Zeyana," nikamwambia, "mumeo anatuchezea. Weye unapofuka, yeye anabembeleza punda. Mbona humsemi?"

Akaendelea kukuna. "Simsemi, Mastura. Yule hakumnunua, kamlea. Nikimwambia uza, atauza leo hii, lakini kila nikikohoa huko Tanga atakumbuka kwamba mie ndiye niliyemtenga na Zumaridi wake. Sitaki kuishi hivyo. Ataamua mwenyewe."

"Na macho je?"

"Macho yapo. Ni ukungu kidogo tu, hata yeye nimemwambia."

Basi, mwenye macho kasema yapo, mie nani? Lakini Bwana Hashil naye alikuwa anateseka, lazima niseme kweli. Alikonda. Alikuwa anampanda Zumaridi jua la utosini bila safari yoyote, anakwenda mpaka njia ya Bweni, anarudi, anashuka, anampanda tena. Siku moja nilimsikia anamwambia punda, "Ungekufa tu, tukapumzika sote wawili," kisha akamkumbatia shingo akaomba msamaha, astaghfirullah, astaghfirullah. Mtu mzima, ndevu nyeupe. Niliona huruma mpaka nikasahau habari ya kisimani.

Mara ya tatu mnunuzi alikuwa Ernesti. Huyu Mshambaa, Mlutheri, mnyapara kwenye shamba la mkonge lililo karibu nasi, kijana mpole mwenye sauti ya chini. Mkewe, Bertha, mguu wake ulivunjika ukaunga vibaya, na kutoka makambini wanakokaa mpaka kanisani ni mbali kwake. Alitaka mnyama wa kupandwa na mkewe, basi. Nikasema moyoni, haya Bwana Hashil, huyu naye mpatie ila.

Kumbe kaipata njia. Sisi Waislamu, muuzaji lazima ataje aibu za anachokiuza, usimfiche mwenzio. Kweli kabisa, ndiyo sharia. Lakini Bwana Hashil siku ile aliifanya sharia kuwa fimbo. Mie niko chini na bakuli langu, namalizia mguu wa nyuma, yeye kasimama juu yangu anaanza.

"Shikamoo, mzee," kasema Ernesti.

"Marahaba. Kaa mbali, anauma."

"Anauma?"

"Akichokozwa. Na anaogopa mwavuli. Ukifungua mwavuli mbele yake utamtafuta mpaka Mkwaja huko."

"Mke wangu hana mwavuli, mzee."

"Maji yaliyonywewa na ng'ombe hanywi. Ndoo iliyonywewa na ng'ombe hata ukiisugua na majivu, anajua."

"Sisi hatuna ng'ombe."

Bwana Hashil akahamisha bakora mkono wa pili. "Akisikia adhana husimama. Hata awe katikati ya njia, hasogei mpaka imalizike."

"Vizuri," kasema Ernesti. "Huko makambini kuna kengele tu. Labda na hiyo ataiheshimu."

Nilicheka, nikajiziba mdomo kwa mkono wenye hina, nikajichafua. Bwana Hashil hakucheka. Akaendelea: hapandi tope, halali kwenye majani mabichi, akipandwa na mtu aliyekula vitunguu hupiga chafya njia nzima. Alianza kwa kutaja aibu, akajikuta anamsifu: ukiwa na homa hutembea polepole bila kuambiwa, siku moja nilianguka njiani karibu na mto, akasimama kunikinga jua. Ernesti kamwekea Zumaridi mkono shingoni, anafikiri. Uani pakawa kimya kabisa. Nikajua, sasa hivi Bwana Hashil atasema siuzi, na nikaanza kukusanya vyombo vyangu.

Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Bi Zeyana.

Sikiliza vizuri hapa. Bi Zeyana mwanamke wa Kiarabu, mtu wa stara, sijapata kumuona akimtokea mwanamume wa nje. Mgeni akija hata sauti yake haisikiki. Siku ile alitoka uani kajifunga kanga kifuani, kichwa kitupu, nywele zake ndefu zenye mvi zimeshuka mgongoni, mkono mmoja kashika dele la kahawa na mwingine kikombe. Kaja moja kwa moja mpaka mbele ya Ernesti. Si mbali naye! Ungesema wanataka kunong'onezana.

"Alhamdulillahi, kaondoka," akasema, akimnyooshea Ernesti kikombe. "Umemfukuza na huyu kwa maneno, Hashil? Shika kahawa, mume wangu."

Ernesti, Mungu ambariki, hakukipokea, aligeuza uso akautia kwenye shingo ya punda, akafumba macho kabisa. Mie nilivua kanga yangu ya juu nikamrushia Bi Zeyana kichwani. Alipoihisi, kikombe kikainama, kahawa ikammwagikia mikononi.

"Kuna mtu?" akauliza. "Mastura, kuna mtu hapa?"

Akachutama palepale akajikunja ndani ya kanga, anaona haya mpaka nilimsikia akilia. Bwana Hashil alikuwa amesimama upande wa pili, mbali na ile kahawa. Alikuja akapiga magoti mchangani na kanzu yake nyeupe.

"Zeyana. Tangu lini hunioni?"

Bi Zeyana akazidi kujikunja.

"Nakuuliza, tangu lini?"

"Uso wako sijauona tangu Ramadhani," akasema Bi Zeyana. "Nilikuwa nakungoja umalize na punda wako."

Nilidhani Bwana Hashil atalia. Hakulia. Aliinuka, akaifungua kamba mtini, akaitia mkononi mwa Ernesti na kuvikunja vidole vya yule kijana juu yake, kimoja baada ya kimoja.

"Mchukue."

"Mzee, hatujasema bei."

"Tutasema kesho. Mchukue sasa hivi, nikimtazama tena nitaharibu."

"Hina haijakauka," nikasema mie, mjinga, sijui hata kwa nini nilisema.

"Itakauka njiani," akasema Bwana Hashil.

Wakatoka. Ernesti mbele na kamba, Zumaridi nyuma na miguu yake myekundu, na Bwana Hashil pembeni, mkono juu ya mgongo wa punda. Makubazi yake yalibaki mlangoni, wala hakukumbuka kuyavaa. Aliwasindikiza mpaka minazi inapoishia. Mie nilikaa na Bi Zeyana uani, nikamfuta kahawa mikononi, nikamfunga kanga vizuri. Tulisikia kwato zinakwenda, ko, ko, ko, kwenye ile njia ngumu ya malori. Bi Zeyana aligeuza kichwa taratibu kuzifuata, mpaka zikapotea. Hata zilipopotea hakukirudisha.

Nikamuona Bwana Hashil anarudi. Alikuwa anatembea kama mtu anayejifunza, miguu mitupu kwenye mchanga laini, bila kishindo chochote. Akaingia uani, akaja akasimama mbele ya mkewe.

Bi Zeyana akashtuka, akavuta kanga usoni.

"Nani?" akauliza.

Bwana Hashil akachutama mbele yake. Miaka yote hii, mumewe akirudi safari, mwanamke huyu alimjua kwa kwato.

"Ni mimi, Zeyana," akasema. "Nimekuja kwa miguu."