Kinyozi Aliyeacha Kucheka

Kinyozi mmoja, wateja walimwita Mkono Mwepesi, alikuwa na mkosi wa kufanya kazi mbele ya kioo. Kutwa ananyoa vichwa vya watu, na kutwa uso wake mwenyewe unamkodolea macho: chunusi paji zima, pua inang'aa mafuta. Msimu wa upepo mkavu ulipoingia, mashavu nayo yakaanza kubambuka. Akashika moja tu, kwamba mafuta ndiyo adui. Mteja akiinuka, yeye huyo na pamba kwenye spiriti ya kusafishia mashine, anajisugua. Inachoma, anasonya, anasugua tena. Ngozi ilikaza mpaka akitabasamu inachanika, basi akaacha kutabasamu. Na mafuta? Yalirudi kwa fujo!

Wateja wakahamia kiti cha kinyozi wa jirani. Mjomba wake, mwenye kibanda, hakumung'unya maneno.

"Mpwa wangu, mwezi ukiisha kiti hiki bado kitupu, nampa mwingine. Undugu tuuweke pembeni."

Tangu hapo hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anajitazama. Hata chakula alikula mkono mmoja ukipapasa chunusi.

"Hebu toa mkono usoni!" mkewe akafoka. "Kile kiti chako cha ngozi, upepo huu ukija unakipaka mafuta kisipasuke. Uso umekukosea nini?"

"Mama watoto, mafuta niliyonayo yanatosha kukaangia samaki, nawe unataka niongeze?"

"Ukiyakausha, ngozi inahaha kutoa mengine. Dada wa duka la dawa kasema hivyo. Nawa kwa sabuni laini asubuhi na jioni, basi. Uso ukiwa bado na majimaji, paka hii." Ilikuwa losheni nyepesi, si ile ya mgando. "Spiriti iachie mashine."

Akaipaka, ila kwa shingo upande. Kazini mkono ulikuwa ukiifuata ile chupa ya spiriti wenyewe, anaurudisha mfukoni. Mashavu yakalainika, chunusi zikapungua, hazikuisha. Kiti kikabaki kitupu, na mwezi ndio huo unayoyoma.

Siku moja kwa jirani kulijaa mpaka kwenye benchi, na fundi cherehani, mteja wake wa zamani, akaona isiwe tabu, akaketi kwake.

"Punguza pembeni," alisema. "Masikio niachie, mke wangu bado hajamaliza kunisema."

Kinyozi akaangua kicheko. Papo hapo akajishika shavu, akingoja maumivu. Hayakuja.

"Alaa! Kumbe bado unacheka?" Fundi alimtazama kiooni. "Umenuna msimu mzima kama umefiwa. Tukasema huyu katuchoka, ndiyo maana tukakuhama."

"Si mlihama kwa sababu ya chunusi?"

"Nani alikuja hapa kuangalia chunusi, bwana?"

Kinyozi akashusha mashine. "Nilikuwa nikicheka, uso unapasuka," alisema kwa sauti ndogo.

Fundi akageukia benchi la jirani, shuka la kunyolea likiwa bado shingoni. "Nyie! Njooni huku! Jamaa hakununa, alikuwa anaumwa tu!"